Katazo la Kupima

Majuzi hapa Mpanda, mjane mmoja aliyekuwa ameuza mahindi yake ili apate sadaka ya mbegu na chupa ya mafuta ya upako, alisimama baada ya ibada akauliza, kwa adabu zote, mbona mwanawe hajapona na fedha ile imekwenda wapi. Wala hakujibiwa kwa hoja, bali aliambiwa mbele ya kusanyiko zima kwamba amemgusa mpakwa mafuta wa Bwana, naye akenda zake akiihofu laana. Chupa hiyo nimeishika: ni ndogo kama kidole gumba, imebandikwa picha ya mhubiri, na harufu yake ni ya alizeti.

Katika mjadala juu ya wahubiri wa namna hii, mafundisho ya uongo yamekwisha kuelezwa na wanazuoni wa dini kuwa ni yale yanayopingana na Injili, nami sina ugomvi na maelezo hayo. Wapo wasemao kwamba serikali isiwe kadhi wa imani za watu, nao wana haki. Na wapo wasemao kwamba makanisa makongwe nayo yamekula fedha za maskini, nao wasema kweli.

Linalonichoma moyo ni hilo neno la kutomgusa mpakwa mafuta, ambalo hutolewa katika Zaburi ya 105 na kutupwa usoni mwa kila mwenye kuuliza. Laiti watu wangelisoma na aya zilizotangulia! Hao waliolindwa walikuwa watu wachache, wageni, wenye kutangatanga toka taifa hadi taifa, na walioonywa kwa ajili yao ni wafalme. Yaani mwenye nguvu alikatazwa kumdhulumu mnyonge, ilhali leo mnyonge ndiye akatazwaye kumsaili mwenye nguvu. Watatuambia kwamba Daudi hakumwua pangoni Sauli, mfalme aliyepakwa mafuta. Ni kweli, walakini alipotoka pangoni alimwita kwa sauti kuu, mbele ya majeshi, akamsomea dhuluma yake huku ameshika upindo wa vazi aliomkata. Paulo naye alimkemea Petro hadharani kule Antiokia, na watu wa Beroya walisifiwa kwa sababu walichunguza Maandiko waone kama maneno ya Paulo huyo huyo ni kweli. Ikiwa mtume alipimwa, ni nani huyu wa leo asiyepimika?

Sisemi kwamba kila chupa ya mafuta huzaa mauti. Lakini tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Na huko Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu.

Katika habari hii ya kupima, hunijia akilini Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, walikofika wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadre Weupe mwaka 1885. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, aliamuru mtu afundishwe na kuangaliwa miaka minne kabla ya kubatizwa. Hivyo aliyepimwa sana alikuwa mwanafunzi. Miaka miwili kabla ya wao kufika Karema kilikuwa kimechapishwa kitabu cha Wakristo wa kale kiitwacho Didake, nacho humpima mwalimu: mtume apitaye akikaa siku tatu, au akiomba fedha, huyo ni nabii wa uongo. Ajabu ni kwamba kitabu hicho hicho chakataza kumjaribu nabii anenapo katika Roho, kisha chaagiza mwenendo wake utazamwe. Basi neno lisipimwe, mwenendo upimwe? Na mwenye mwenendo mwema akifundisha upotovu, tutamtambuaje? Mpaka huo sijamwona aliyeuchora akatosheka, wala mimi sidai kuuchora.

Hata hivyo, shaka juu ya mpaka haimhalalishii mtu kukataza swali. Ewe msomaji, kabla hujatoa chochote, uliza. Na ukitishwa kwa laana, fungua Zaburi ya 105, uanzie aya ya 12.