Dawa kwa Jina, Pombe kwa Asili

Je, kitu kikibadilishwa jina, hukumu yake nayo hubadilika? Darasani wengi wetu tutajibu upesi kwamba haibadiliki. Mezani, mbele ya mwenyeji tunayemheshimu, jibu hilo huwa gumu kidogo.

Mwaka jana, hapa Kampala, wanafunzi watatu tulialikwa chakula cha jioni na mwalimu mmoja Mfaransa. Tulipomaliza kula alileta chupa ya Chartreuse ya kijani, akatumiminia kidogo kidogo katika bilauri ndogo, akasema ni ya kusaidia kusaga chakula. Mwenzetu mmoja, Mwislamu, alishukuru na kukataa. Mwenyeji akamwambia kwa upole, "Hii si pombe, ni dawa ya tumbo." Mwenzetu alitabasamu, akakataa tena. Mimi nilionja. Ulitangulia utamu, ukafuata uchungu wa majani, kisha moto ukashuka kooni hadi kifuani. Baada ya muda nilihisi tumbo jepesi.

Maneno ya mwenyeji yana asili katika historia. Kinywaji hicho ni cha watawa wa Kikartusi, ambao jumuiya yao ya kwanza ilianzishwa mwaka 1084 katika milima ya Chartreuse, Ufaransa. Mwaka 1605 walipewa hati yenye maelezo ya dawa ya mitishamba, na mwaka 1764 wakakamilisha dawa yenyewe. Mimea inayotiwa humo ni 130. Hata hivyo, ile ya kijani ina kileo asilimia 55, ilhali Uganda Waragi ina asilimia 40. Na kuhusu kusaga chakula, mwaka 2010 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti uliofanywa Zurich kwa watu 20 waliokula jibini iliyoyeyushwa. Ilionekana kwamba pombe ilichelewesha chakula kutoka tumboni, ikilinganishwa na chai na maji. Basi huenda wepesi nilioupata ulikuwa ni mwili kulegea tu.

Mtu atasema: sumu na dawa hutofautiana kwa kipimo, na kijiko kimoja au viwili si ulevi. Nakubali. Lakini kama kipimo ndicho kigezo, na kitumike kwa wote. Mchukuzi anayekunywa tone la waragi jioni ili apate usingizi tunamwita mlevi. Sisi wa bilauri ndogo na kitambaa cheupe tunaitwa waungwana wanaotunza matumbo yao. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hapo kilichopimwa ni hadhi ya mnywaji, wala si kiasi cha kinywaji.

Mwingine atasema mwenyeji alikuwa na nia njema, na kukataa cha mwenyeji ni kumvunjia heshima. Nia yake siitilii shaka. Ila ukarimu ni kumpa mgeni kitu pamoja na nafasi ya kukikataa, akijua ni kitu gani. Ukimwambia "si pombe", unamnyang'anya ule ujuzi anaouhitaji ili achague. Mwenzetu aliijua chupa ile. Je, angekuwa mtu asiyeijua? Angekuwa mgonjwa aliyekatazwa kileo na daktari, au mtu aliyeacha ulevi kwa taabu ya miaka mingi? Neno moja la upole lingetosha kumwangusha, na lawama angeibeba peke yake.

Kwa hiyo siwalaumu watawa, wala sikilaumu kinywaji chao. Kunywa au kutokunywa ni jambo la mtu na dhamiri yake. Lakini dhamiri haiwezi kuamua juu ya kitu kilichofichwa jina. Anayemkaribisha mwenziwe ana wajibu wa kusema, "Hii ni pombe kali ya mitishamba, ukipenda, karibu." Maneno hayo hayapunguzi ukarimu hata chembe, na mgeni akikataa, amekataa kwa heshima yake yote.