Wale wa Nyuma

Masomo: Kumbukumbu la Torati 25:17-18, 1 Samweli 30:9-25

 

Mnakumbuka Agosti tulitoka hapa watu 14 na baiskeli, Nairobi hadi Mombasa, kuchangisha pesa za paa la darasa la watoto. Ushuhuda wa kufika mlishausikia. Leo nasema habari ya siku ya tatu, ambayo sijawahi kuisema madhabahuni kwa sababu hainipi sifa.

Kila mtu alituambia barabara ya Mombasa ni mteremko tu. Ni kweli, Nairobi iko juu, Mombasa iko baharini. Lakini hakuna aliyetutajia upepo! Mwezi wa nane kusi inavuma kutoka upande wa bahari na inakupiga usoni. Mtito Andei mpaka Voi ni karibu kilomita 100, mbuga ya Tsavo kushoto na kulia, kivuli hakuna, na trela zikipita unasukumwa hadi kwenye changarawe.

Sasa, waendesha baiskeli wana siri. Wa mbele anakata upepo, anayemfuata anapata nafuu. Lakini lazima umkaribie, gurudumu kwa gurudumu. Ukiachwa hata hatua kumi, nafuu imeisha. Yule dhaifu kuliko wote ndiye sasa anapigana na upepo wote, peke yake. Mmeiona hiyo? Aliyechoka ndiye anafanya kazi kubwa zaidi, na kadiri anavyoachwa ndivyo anavyozidi kuchoka.

Mimi nilikuwa mbele. Miguu ilikuwa sawa siku hiyo, nikajiona Eliya anakimbia mbele ya gari la Ahabu. Sikugeuka hata mara moja. Tulipofika daraja la mto Tsavo, pale simba wawili waliwala wajenzi wa reli mwaka wa 1898, tukahesabiana. Tulikuwa 13.

Simu yake haipatikani. Na pikapu ya maji na mizigo, ambayo ilifaa ikae nyuma, ilikuwa imetangulia na sisi. Kwa amri yangu. Tukairudisha mbio. Walimkuta ameketi kando ya barabara, tairi ina pancha, chupa imekauka, anatetemeka na jua ni kali. Alipoletwa hakunilaumu. Alisema tu, "Pasta, nilipiga kelele. Niliona mgongo wako ukiwa mdogo, mdogo, mpaka ukaisha."

Usiku ule sikulala. Nikafungua Kumbukumbu la Torati. Amaleki aliwapiga wale wa nyuma, waliokuwa wamechoka na kulegea. Adui anajua pa kupiga! Nimehubiri andiko hili miaka mingi nikimkemea Amaleki, na sikuwahi kujiuliza wale waliachwaje nyuma peke yao. Biblia haiwataji waliotangulia, nami sitaiongezea. Nasema yangu.

Halafu mtazame Daudi, naye akimfuata Amaleki huyo huyo. Watu 600 walifika kijito cha Besori, 200 wakashindwa kuvuka. Hakuwaambia wamekosa imani. Aliwaacha wapumzike, walinde mizigo, na aliporudi na nyara akawagawia sawa na waliopigana. Wakorofi walikataa, yeye akaifanya sheria katika Israeli. Sisi Wapentekoste hapa tunahitaji kukemewa kidogo. Mtu akichoka, tunamwongezea mfungo. Eliya alipochoka alipewa mkate na usingizi kwanza.

Kutoka Tsavo tulimweka ndugu yule katikati na mwendo ukawa wake. Polepole! Voi tuliingia jua likizama, wote 14. Tukiwa tunakunywa soda akaniambia jambo lililonichoma kuliko upepo wote. Kazi yake iliisha mwezi wa tatu. Alikuwa anakuja kila Jumapili, anakaa benchi la mwisho, na hakuna aliyemuuliza kitu. Ameniruhusu niwaambie.

Nimewaomba viongozi wa ushirika wa nyumbani waandike majina ya wote ambao hatujawaona tangu Pasaka. Yamefika 31. Mimi nimechukua matatu, nitaenda kwao kabla ya maombi ya Jumatano. Karatasi iko mezani kwa mashemasi, mlango wa nyuma, na kalamu iko hapo.