Kocha Bora kwa Nani?

Kila ligi za Ulaya zinapofika ukingoni, hoja ileile inarudi: nani kocha bora wa muda wote? Inabishaniwa kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye vibanda umiza, hata katika vyumba vya habari, ambako watu wazima wenye shahada zao wanaweza kunyimana salamu siku nzima kwa sababu ya Ferguson na Guardiola. Kwa kawaida anayeshinda ni yule aliyebeba takwimu nyingi kichwani. Carlo Ancelotti ametwaa Ligi ya Mabingwa mara 5 akiwa kocha, mbili na Milan na tatu na Real Madrid, tena ana ubingwa wa ligi katika nchi 5 tofauti. Alex Ferguson alibeba ubingwa wa England mara 13 na Manchester United. Bob Paisley aliiongoza Liverpool misimu 9 tu, akaondoka na makombe 3 ya Ulaya. Hesabu ikishasomwa hivyo, anayebisha anamalizia kahawa yake kimya.

Mimi naona hapo ndipo mjadala ungeanza. Kocha hagusi mpira. Hapigi penalti, hazuii, hafungi. Kazi yake yote ni watu: kuwachagua, kuwapanga, kuwatia moyo, kuwakemea, kuwaweka nje. Kwa hiyo tukiuliza nani kocha bora, tunauliza swali la maadili hata kama tunadhani ni la michezo. Tunauliza sifa ya kazi ya wengi apewe nani, na huyo anayepewa aliwafanyia nini hao wengi.

Tuanze na makombe, maana hayapuuziki. Mwaka 1999, katika fainali ya Barcelona, Bayern Munich waliongoza 1-0 tangu dakika za mwanzo hadi muda wa nyongeza. Zikaja kona mbili za David Beckham, yakaingia mabao mawili, na mwaka huohuo Ferguson akaanza kuitwa Sir. Sasa jiulize: mpira mmoja kati ya ile miwili ungegonga mguu wa beki ukatoka nje, Ferguson angekuwa amepungukiwa na nini? Akili yake, mazoezi yake, uamuzi wake wa kuwaingiza Sheringham na Solskjær, vyote vingebaki vilevile. Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliliandikia jambo hili mwaka 1976: tunawasifu na kuwalaumu watu kwa mambo ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwa mikononi mwao. Kombe linatuambia nani alishinda. Halituambii kila mara nani alistahili.

Wanaolijua hilo huja na kipimo cha pili: tazama kocha alianza na nini. Hapo jina la Jock Stein hutajwa kwa heshima. Huyu alikuwa mchimba makaa ya mawe kabla ya soka kumtoa mgodini, na mwaka 1967 Celtic yake iliifunga Inter ya Helenio Herrera 2-1 mjini Lisbon, kwa wachezaji waliozaliwa wote ndani ya kilomita 50 hivi kutoka uwanja wao wa Glasgow. Na hapo hutajwa pia Brian Clough, ambaye ndiye hasa ninayetaka kumzungumzia, kwa sababu kesi yake inavuruga vipimo vyote.

Clough alifika Nottingham Forest Januari 1975, timu ikiwa daraja la pili. Mwaka 1977 ikapanda daraja ikiwa nafasi ya tatu. Mwaka 1978 ikawa bingwa wa England. Mwaka 1979 ikawa bingwa wa Ulaya, na 1980 ikarudia. Hebu fikiria timu ya Championship leo, ndani ya miaka mitatu imebeba Ligi ya Mabingwa mara mbili. Kweli hakuwa maskini wa kuombaomba, alimnunua Peter Shilton, na akamlipia Trevor Francis pauni milioni moja. Lakini wenye hela zaidi yake walikuwepo, na hawakufanya alichokifanya yeye.

Alichokifanya yeye? Hapo pana tatizo la kwanza. Miaka hiyo yote ya makombe, pembeni yake alikuwepo Peter Taylor, kipa wa zamani waliyekutana Middlesbrough wakiwa wachezaji. Taylor ndiye aliyekuwa na jicho la kuona mchezaji ambaye wengine hawamuoni. Pamoja walikuwa wameipa Derby County ubingwa wa 1972. Taylor alipoondoka Forest mwaka 1982, Clough alibaki hapo hadi 1993 na hakushinda tena ligi wala kombe la Ulaya. Wawili hao walikosana mwaka 1983 kwa sababu ya usajili wa mchezaji mmoja, na hawakusemeshana tena mpaka Taylor alipofariki mwaka 1990. Leo sanamu ya Clough iliyoko katikati ya mji wa Nottingham inamwonyesha akiwa peke yake. Ile ya Derby, nje ya uwanja, inawaonyesha wote wawili, na kombe la ligi liko kati yao.

Kwa nini inakuwa rahisi kumkumbuka mmoja? Sisi wasomaji wa hadithi tuna mkono katika hili. Mwaka 2006 David Peace alitoa riwaya yake, The Damned Utd, juu ya siku 44 ambazo Clough aliiongoza Leeds mwaka 1974. Inamfaa Clough, kwa sababu mtu mwenye mdomo mkali na donda moyoni ni mhusika aliyekamilika. Riwaya inapenda kukaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Timu haina kichwa kimoja, lakini tunaisimulia kana kwamba inacho, na kichwa hicho tunakiita kocha.

Tatizo la pili ni zito zaidi, na liko ndani ya chumba kimoja cha kubadilishia nguo. John Robertson alikuwepo Forest kabla ya Clough, kiungo asiye na umbo la mwanariadha, mpenda sigara, ambaye klabu ilikuwa tayari kumuuza. Clough na Taylor wakamhamishia winga ya kushoto, wakamwamini. Krosi yake ndiyo iliyomkuta Trevor Francis kwenye fainali ya 1979, na bao pekee la fainali ya 1980 ni lake. Ukimuuliza mtu kama huyo nani kocha bora, jibu unalijua.

Mwaka 1981 akaja Justin Fashanu kutoka Norwich, naye kwa pauni milioni moja, mchezaji wa kwanza mweusi wa Uingereza kufikia bei hiyo. Clough alipopata habari kwamba kijana huyo anakwenda kwenye klabu za mashoga, alimkalia kooni. Kisa cha kumsimanga alikiandika mwenyewe katika kitabu cha maisha yake. Fashanu alifunga mabao 3 katika mechi 32 za ligi, na mwaka 1982 akauzwa kwa pauni 150,000. Alifariki mwaka 1998. Sisemi Clough ndiye aliyeyaharibu maisha yake, maana maisha ya mtu hayana sababu moja. Nasema kijana aliyekuja na kipaji aliwekwa mikononi mwa bingwa wa kuinua watu, na bingwa huyo akachagua kumvunja.

Kuna watakaosema tutenganishe mtu na kazi yake. Hoja hii tunaifahamu vizuri kwenye fasihi: mwandishi anaweza kuwa baba mbaya na riwaya yake ikabaki nzuri. Mwandishi nakubali. Mpishi akimtukana jirani, wali hauungui. Lakini kwa kocha utenganisho huo unakwama, kwa sababu kazi yake haina malighafi nyingine zaidi ya watu. Alichomfanyia Fashanu hakikuwa kando ya kazi. Ilikuwa ndiyo kazi yenyewe, na siku hiyo aliifanya vibaya.

Watasema pia kwamba kocha ana watu 25 na nafasi 11, lazima wengine waumie. Hapo tuwe makini. Kumweka mtu benchi si kumdhalilisha, ni kumwambia leo hufai kwa mechi hii. Kumsimanga kwa vile alivyo ni kumwambia hufai, basi. Kant alisema mwaka 1785 kwamba tusimtumie mtu kama chombo tu. Hilo "tu" ndilo linalomwachia kocha nafasi ya kufanya kazi yake, maana wachezaji ni vyombo vya ushindi, wao wenyewe wanajua na wamesaini mkataba. Ila hawakusaini kuwa chombo na kisha basi.

Kiswahili kina msaada wake hapa. Neno "bora" halikai vizuri peke yake. Tunasema bora hiki kuliko kile, bora ukae, bora tungeondoka mapema. Kila mara kuna kuchagua, na kuna anayechagua. Kwa hiyo mtu akiniuliza nani kocha bora wa muda wote, nitamtaja Clough wa 1977 hadi 1980 kwa kazi iliyofanyika, na nitaliandika jina la Taylor kwa herufi za ukubwa uleule. Akinitaka nimvishe Clough taji lenyewe, peke yake na kwa muda wote, nitakataa. Muda wote una mwaka 1981 ndani yake, na sioni kwa haki gani tuuruke.