Sala na Mtoto Mgongoni

Nikisujudu, mjukuu wangu wa miaka 3 hunipanda mgongoni. Shemeji anataka nimfungie chumbani mpaka nitoe salamu. Sikubali. Mtume alisali huku amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab: akisujudu alimweka chini, akisimama alimbeba tena. Sasa mimi nani hata nimfukuze?

Hapa mtaani Ntinda tunakaa nyumba ya kupanga, nje kidogo tu ni bodaboda, atacheza wapi? Huko mgongoni anajifunza kujishika, kusubiri, hata kuhesabu rakaa kwa vidole, ingawa huzikosea. Kuamrishwa kusali kunamngoja afike miaka 7. Kwa sasa anachonidai ni uji wa ulezi uliopoa na mtu wa kumjibu maswali. Je, uji huo nao ni ibada? Naamini ni ibada, tena unatangulia sunna zangu. Shemeji hajakubali bado.