Sentensi Niliyoikata

Mwaka 1973, nikiwa mwalimu kijana, niliongoza kikundi cha kusikiliza redio katika kampeni ya "Mtu ni Afya". Wasomaji wa rika langu wataikumbuka. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Tulipofika kwenye kuchemsha maji ya kunywa, mama mmoja aliniuliza kuni atatafuta nani. Nilimjibu kuwa ndivyo kitabu kilivyoagiza, nikageuza ukurasa.

Baada ya kustaafu ukuu wa chuo cha ualimu, shirika moja lisilo la kiserikali liliniomba niwasaidie kuandika vipeperushi vya afya kwa Kiswahili chepesi. Daktari huandika anachokijua, nami hukipunguza mpaka mtu aliyeishia darasa la saba akielewe bila kumtafuta wa kumsomea. Nilijivunia kazi hiyo kuliko inavyofaa. (Mwalimu mzee akirudishiwa kalamu nyekundu hurudi ujana.)

Siku moja kililetwa kipeperushi cha kifua kikuu. Dawa zake kwa kawaida hunywewa miezi 6, na mojawapo, rifampisini, hugeuza mkojo ukawa na rangi ya chungwa au wekundu. Si jambo la hatari. Ni rangi ya dawa inayotoka mwilini. Daktari alikuwa ameiandika sentensi hiyo. Mimi niliikata. Ukurasa ulikuwa umejaa, tena nikajiambia kwamba mgonjwa mwoga akisoma habari za mkojo mwekundu hatameza hata kidonge cha kwanza. Vijana wa ofisini walinyamaza. Nani angembishia mkuu wa chuo?

Miezi michache baadaye jirani yangu, fundi seremala, alianza dawa hizo. Kipeperushi alikuwa nacho. Juma la kwanza aliona mkojo wake, akaamini anatokwa damu, akaziweka dawa juu ya kabati asimwambie mtu. Mkewe ndiye aliyenijia: "Shikamoo Mwalimu. Haya maandishi si yako? Mbona hayakusema?"

Je, nilisema uongo? Kila neno lililobaki lilikuwa kweli. Ningeweza kujitetea kwamba nilinyamaza kwa faida yake, na hoja hiyo siidharau; mama humnywesha mtoto dawa bila kumtangazia uchungu wake. Lakini seremala ana wajukuu. Nilimpimia woga wake bila kumwuliza, nikaandika kwa kipimo hicho, kisha hofu niliyotaka kumwepusha nayo ikamkuta usiku, chooni, akiwa peke yake.

Hata hivyo jambo si jepesi. Kijana mmoja ofisini aliniuliza: tukitaja mkojo, mbona tusitaje na ini, maana dawa hizi huweza kulidhuru kwa baadhi ya wagonjwa? Tukiandika yote kipeperushi kitakuwa kitabu, na kitabu hakisomwi na mtu anayekohoa. Nilikaa na swali hilo siku kadhaa. Tulichokubaliana ni kwamba lile atakaloliona mgonjwa kwa macho yake mwenyewe alikute limeandikwa, na dalili inayomtaka arudi zahanati upesi, kama macho kuwa ya manjano, nayo isikosekane. Mengine aelezwe kwa mdomo. Sina hakika kipimo hicho kinatosha. Mdomo wa mhudumu mwenye foleni ya watu 60 huchoka.

Seremala alirudi zahanati, akachunguzwa upya, akaendelea na matibabu. Nilikwenda kumwomba radhi nikamkuta anapiga randa ubao wa mlango. "Mwalimu," akasema, "ungeniambia, ningecheka tu." Kisha akafuta mikono, akanitaka nimsomee hicho kipeperushi kipya, naye akanisahihisha mahali pawili.