Kamba ya Nepi

Masomo ya wiki: Hesabu 11:10–15, Luka 2:8–14

Wachungaji wa Bethlehemu walipewa alama ya kumtambua Mwokozi: mtoto aliyefungwa vitambaa, amelazwa horini. Hori tumeihubiri kila Krismasi hadi watoto wa Shule ya Jumapili wanajua kuichora. Vitambaa tunavipita. Lakini mtoto yule alikuwa mchanga kweli, na vitambaa vya mtoto mchanga hulowa. Ni nani aliyevifua? Mariamu ndiyo kwanza alikuwa amejifungua, tena ugenini, na Luka hataji mama mkwe wala shangazi. Maandiko hayasemi, nami siwezi kuapa, ila nikitazama pale simwoni mwingine isipokuwa Yusufu.

Hapa Gusii kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Robert LeVine na mkewe Barbara, watafiti Wamarekani waliokaa kwetu miaka ya 1950, waliandika jinsi mama alivyokwenda shambani na kumwachia mtoto omoreri, yule dada mdogo wa kubeba na kulea. Omoreri wa leo yuko darasani, hasa tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, na hilo tumshukuru Mungu. Ila kazi yake haikwenda naye shuleni. Imebaki nyumbani, na yote imemwangukia mama, ambaye bado anachuma majani chai asubuhi, anateka maji kwenye chemichemi bondeni na kuyapandisha mlimani. Mtoto wa wiki chache hubadilishwa hata mara 10 kwa siku. Na Nyamira na Kisii ni nchi ya mvua: hakuna mwezi usionyesha, na mara nyingi inashuka alasiri, nepi zikiwa zimeanza tu kukauka.

Basi mama mwenye chochote mfukoni hununua zile za kutupa, ambazo sote twaziita Pampers. Simlaumu, hasa akiwa safarini. Lakini nimeziona zilikoishia: chooni, shimo likajaa kabla ya wakati wake, au migombani, mvua ikazisomba hadi mtoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya nzima tarehe 28 Agosti 2017. Nepi hizi zina plastiki vilevile, na marufuku ile haikuzigusa. Nepi ya kitambaa, shuka la pamba la mtumba la Daraja Mbili likikatwa miraba, humfaa kifungua mimba, na wadogo zake wakairithi. Inachodai ni mikono, na mikono miwili ya mama imeshajaa.

Martin Luther aliliona hili mwaka 1522, katika andiko lake juu ya maisha ya ndoa. Alisema baba akifua nepi za mwanawe kwa imani, watu wanaweza kumcheka kama mwanamume aliyepungukiwa, ila Mungu na malaika zake wanamtazama kwa furaha. (Aliyaandika hayo akiwa bado kapera. Alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525, na Hans alizaliwa mwaka uliofuata. Nadhani ndipo beseni lilipomjibu.) Sisi Walutheri wa Gusii, tangu wamisionari wa Uswidi walipofika mwaka 1948, tumekariri Katekisimo yake vizuri. Ukurasa huu hatukuukariri.

Kwa hiyo, akina baba, nawaandikia ninyi hasa. Kinyesi kikung'utwe chooni kwanza. Suuza nepi kwa maji baridi, kwa maana maji ya moto hugandisha madoa. Ziloweke kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, kwa sababu mtoto anayetambaa anaweza kuzama katika maji kidogo sana. Fua kwa sabuni ya kipande, kisha suuza hadi maji yatoke meupe; sabuni inayobaki kwenye kitambaa humchubua mtoto. Usitie dawa ya kulainisha nguo, nepi itakataa kunyonya mkojo. Zichemshe mara kwa mara kwenye sufuria isiyo ya kupikia, lakini ile chupi ya plastiki ya juu usiichemshe, itapasuka. Maji machafu yamwage chooni, wala usifulie kwenye chemichemi ambayo jirani wa chini anatekea ya kunywa. Halafu nawa mikono kwa sabuni. Mvua ikikatalia, anika ndani mbali na moshi, umalizie kwa pasi ya makaa pande zote mbili. Joto lake huua pia mayai ya wale inzi wa nchi za joto wanaotaga kwenye nguo mbichi. Na usingoje mama aseme mtoto amelowa. Mkojo uliokaa ndio mwanzo wa upele.

Najua mtakavyonijibu, kwa kuwa nimeshajibiwa: mwanamume aliyetoka jandoni hashiki hivyo. Musa naye alinung'unika. Alimwuliza Mungu kama ni yeye aliyewazaa watu hawa, hata aambiwe awabebe kifuani kama mlezi abebavyo anayenyonya. Tazameni Mungu alivyomjibu. Hakumkemea kwa kuchoka. Hakumwambia pia kwamba kubeba ni kazi ya wanawake. Alimpa wazee 70 wa kubeba pamoja naye. Katika nyumba zetu mama anamlilia Mungu vilevile, na mzee wa kubeba naye ameketi sebuleni anasikiliza habari.

Mmoja wenu aliniambia yuko tayari kufua, mradi kamba iwe nyuma ya nyumba, pasipo wapita njia. Nilimkatalia. Nyuma kuna kivuli cha migomba na nepi inataka jua. Funga kamba upande wa barabara, anika mwenyewe asubuhi, na saa nane wingu likianza kukusanyika, kimbia ukaanue.