Nyamafu na Mgeni wa Mlangoni

Kuna ruhusa moja ndani ya Torati ambayo sijawahi kuimeza. Kumbukumbu la Torati 14:21 inawakataza wana wa Israeli kula mnyama aliyekufa mwenyewe, kisha papo hapo inawaruhusu wampe mgeni anayeishi kwao, au wamuuzie mtu wa taifa lingine. Kwangu najisi, kwako kitoweo. Mimi ni fundi cherehani hapa Kosele. Mashine yangu iko barazani, karibu na bucha, na asubuhi naona nyama ikiletwa kwa bodaboda ndani ya sanduku la bati. Aya hiyo naisoma nikiwa nimesimama upande wa mgeni.

Kilo ya nyama ya ng'ombe imepita shilingi 500. Kupunguza suruali kiunoni hakunipi hata robo. Ndiyo maana nyama ya bei ya chini haikosi wateja. Hiyo haipitii bucha. Huja jioni, nyumba kwa nyumba, na anayeuza hataji ng'ombe alichinjwa wapi. Niliwahi kuletewa. Nikamuuliza kijana mbona haina muhuri.

“Mama, kwani muhuri unaliwa?” akacheka. “Moto unaua kila kitu.”

Moto hauui kila kitu. Kimeta hakingoji chungu: humwingia anayechuna kupitia mkwaruzo mdogo mkononi, na mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi baada ya mzoga kusahauliwa. Mnyama aliyekufa ghafla, damu ikimtoka puani na isigande, hapasuliwi hata kidogo. Huitwa daktari wa mifugo. Kila mfugaji wa hapa kwetu Rachuonyo amesikia habari hiyo. Tena Sheria ya Kudhibiti Nyama, Sura ya 356, inataka nyama ya kuuzwa ikaguliwe na ipigwe muhuri. Kwa hiyo tatizo si ujinga. Anayeuza nyamafu anajua, na mara nyingi anayenunua anashuku. Lililobaki ni swali la dini: je, mtu mwenye shilingi mia moja ana haki ya kuuliza?

Sisi Waadventista wa huku tuna mazoea marefu ya kuuliza. Tangu Arthur Carscallen na Peter Nyambo walipoanza misheni Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, watu wetu wamejifunza kuacha nguruwe, kuacha samaki aitwaye mumi kwa kuwa hana magamba, ingawa ziwa liko pale pale. Lakini maswali yetu huishia kwenye aina ya mnyama. Tunauliza kama ana kwato zilizopasuka. Hatuulizi alikufaje.

Katika darasa la Sabato jaduong' mmoja, yaani mzee, alinijibu kwa Paulo. Aliwaambia Wakorintho, akasema, wale kila kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri. Ni kweli, imo katika 1 Wakorintho 10:25. Ila soko la Korintho lilikuwa na hofu yake: nyama iliyotolewa kwanza kwa sanamu. Paulo alimwondolea mnunuzi hofu ya sanamu zisizo na uhai. Hakumwondolea mwuzaji wajibu. Tena aya chache mbele anasema mtu akikuambia kwamba nyama hii ni ya sadaka ya sanamu, usile, kwa ajili ya huyo aliyekuambia. Maana yake habari ya nyama ina uzito ikishasemwa. Anayeificha amemnyima mwenzake kitu.

Waislamu wa Kendu Bay wamelipima jambo hili kwa namna inayonivutia. Kwao nyamafu ni haramu, imo katika Kurani, sura ya pili, aya ya 173, lakini aliyeshikwa na dharura, bila kutamani wala kupita kiasi, hana dhambi. Mlango huo ni mwembamba makusudi. Mtoto wangu aliyekaa wiki tatu bila nyama hayuko katika dharura. Maharagwe yapo, omena ipo. (Mchungaji wetu angeongeza kwamba maharagwe ndiyo afya yenyewe, na kwamba kanisa letu limesifu chakula cha mboga tangu enzi za Ellen White. Namheshimu. Lakini yeye hajawahi kupokea wakwe hapa kwetu akawaandalia maharagwe.) Nyama kwetu ni heshima kabla haijawa tonge. Maskini naye ana wageni, ana msiba, ana mtoto aliyefaulu mtihani. Kumwambia aache tu kuitamani ni jibu la aliyeshiba.

Basi nikarudi kwenye Torati, nikakuta haisemi kwa sauti moja. Kutoka 22:31 inataka nyama ya mnyama aliyeraruliwa porini itupiwe mbwa. Mambo ya Walawi 17:15 inasema anayekula nyamafu, awe mwenyeji au mgeni, amekuwa najisi hadi jioni. Mgeni na mwenyeji wako kwenye mizani moja. Hapo ndipo niliposimama mimi. Wasomi wana maelezo yao kuhusu utofauti huo. Mimi nina chungu cha kutekeleza.

Utekelezaji wenyewe ni huu. Tunachanga, nyumba kadhaa, tunanunua fahali mmoja kwa mtu tunayemjua. Si lazima twende hadi mnada wa Rodi Kopany; boma la jirani latosha. Tunamuuliza mwenyewe ng'ombe alidungwa sindano lini na dawa gani, kwa sababu dawa nyingi za viuavijasumu zinadai muda upite kabla ya kuchinja, na muda huo umeandikwa kwenye chupa. Tunampeleka machinjioni, tunalipa ada, mkaguzi anapiga muhuri. Hatuchinji uani. Ng'ombe hutoa kama nusu ya uzito wake, nyama pamoja na mifupa, na bila faida ya watu wa kati bei ya kilo hutushukia. Tunafanya Alhamisi, ili Ijumaa jua lisituchwee tukiwa bado jikoni. Asiye na friji hukata vipande virefu, hutia chumvi, huanika: aliya hukaa.

Mgawanyo ndio mgumu. Mafungu hupangwa juu ya majani ya mgomba, kila fungu na mfupa wake, ini lake, utumbo wake, kisha mtoto aliyegeuka mgongo huita majina. Mara ya kwanza alikuwapo mjane asiye na hela zote. Mmoja wetu akasema apewe kichwa na miguu, inamtosha. Kichwa na miguu si vibaya, supu yake naipenda mimi mwenyewe. Nilikataa kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na kwa sababu yule mgeni wa Kumbukumbu la Torati naye hakuulizwa. Jina lake likaitwa kama mengine, fungu lililomwangukia likawa lake, na deni akalilipa kidogo kidogo kwa mayai.

Ng'ombe wa mwezi ujao ameshaonekana. Anayetaka fungu na alete anachoweza sasa. Kilichobaki tutaandika kwenye daftari langu la vipimo, na fungu lake litakuwa sawa na letu.